Sura ya Saba: Kila Mtutu na Pete Yake

Gil Prather aliiweka hati ya kukamata mezani, na juu ya hati akaweka saa yake ya mkononi, ili Verna Ostby asije akasema hakujua wakati. Ilikuwa saa tatu asubuhi, Jumatano. Ikifika saa nane mchana, alisema mwendesha mashtaka huyo, hati ingekwenda kwa hakimu kutiwa saini, na kabla ya jua kuzama mzee Alvin Teske awe ndani.

Verna hakushughulika na ile saa. Miaka kumi na tisa ya upelelezi katika kaunti yenye ng'ombe wengi kuliko watu ilikuwa imemfundisha kwamba anayekuwekea saa mezani mara nyingi hana hakika na kilicho chini yake. Aliomba kifuko cha ushahidi.

Ndani ya kifuko kulikuwa na kichwa cha risasi, cha rangi ya kijivu, kirefu kama kiungo cha kidole. Jumapili alasiri kilikuwa kimepenya nyama ya mguu wa Harlan Rusk, kikatokea upande wa pili, kikajichimbia chini ya gogo la ua. Rusk mwenyewe alikuwa hospitali, mguu juu ya mito. Aliwaambia askari kwamba alikuwa akikaza waya kwenye mpaka wa juu wa shamba lake, akasikia mlio kutoka mlimani, akaanguka. Hakumtaja mtu. Lakini mlima ule ni wa Teske, na kwa miaka miwili wazee hao wawili walikuwa hawasalimiani kwa ajili ya maji ya mfereji. Fahali wawili hawakai zizi moja, na hawa walikuwa wanagawana mfereji mmoja. Mwezi wa nane, dukani kwa muuza chakula cha mifugo, Teske alisema mbele ya watu sita kwamba siku moja atamtoboa Rusk atoke maji yote aliyoiba.

"Ugomvi upo, mlima upo, na chunusi ipo," Prather alisema. "Unataka nini tena, Verna?"

Chunusi hiyo bonde zima liliijua. Mwaka wa themanini na saba Alvin Teske aliangusha kalibu yake ya kusubia risasi kwenye ukingo wa jiko, ikaingia kidonda kidogo ndani, na tangu siku hiyo kila kichwa kilichotoka humo kilizaliwa na kipele puani. Watu walimwambia anunue kalibu nyingine. Alikataa, akasema kwamba mtu hamfukuzi mke kwa sababu ya kipele.

Verna alikubali kwamba chunusi ilikuwa ya Teske. Alichotaka kujua ni nani aliyeendelea kukichunguza kile kichwa baada ya kuiona chunusi. Jibu lilikuwa hakuna. Basi akatia saini kwenye daftari la ushahidi, Prather akatia yake kama shahidi, kifuko kikafunguliwa. Kwa sindano akakwangua mabaki ya nta ya kulainishia yaliyoganda katika mfuo mmoja wa kichwa, akagawa mara mbili, nusu akaitia kwenye kichupa cha maabara. Nusu ya pili aliiweka juu ya msumari, akaupasha msumari kwa kiberiti, akanusa. Halafu akamsogezea Prather.

Prather alinusa kwa shingo upande, kama mtu anayelazimishwa kuonja maziwa ya jana. Uso ukabadilika.

"Mdalasini?"

"Alvin hupaka nta ya nyuki na shahamu ya ng'ombe," Verna alisema. "Na huwa nyekundu. Hii ni ya njano, na inanukia kama jiko la bibi yako."

"Mtu anaweza kubadili mafuta."

"Anaweza. Nipe mpaka saa nane."

Alichoondoka nacho kifuani hakukisema, kwa sababu Prather alikijua. Mke wa Alvin, Leota, macho yake yalikuwa yamebaki kuona mwanga na rangi nyekundu tu. Alvin akikaa ndani hata wiki mbili, ofisi ya ustawi ingempeleka Leota kwenye nyumba ya wazee, mwendo wa saa tatu kwa gari. Kitanda kilikuwa tayari kimetengwa. Watu wa umri wake wakienda kule hawarudi, na hili lilimuuma Verna, akaendesha gari kwa kasi zaidi kuliko ilivyoruhusiwa.

*

Aliwakuta wote wawili kwenye banda la kazi. Theluji ya kwanza ilikuwa imekaa juu ya paa, na ndani jiko la kuni lilikuwa likinguruma. Alvin alisimama mbele ya mashine ndogo ya chuma iliyofungwa kwenye meza. Chini ya mashine aliweka pasi ya zamani ya nguo, ya kuilainisha nta wakati wa baridi. Alichukua kichwa cha risasi, akakisimamisha juu ya pete ya chuma, akashusha mkono wa mashine mpaka kichwa kikazama. Alipoupandisha, kichwa kilitoka chembamba kidogo kuliko kilivyoingia, kiuno chake kimevaa mishipi mitatu ya nta nyekundu. Baada ya kila vichwa vinne aliikaza skrubu ya juu robo mzunguko, nta isukumwe. Alikuwa na umri wa miaka sabini na sita, na mkono ule haukutetemeka.

Leota aliketi karibu na jiko na sinia magotini. Kazi yake ilikuwa kuchambua vibichi, yaani vile vilivyotoka kwenye kalibu na havijapita kwenye mashine. Alivipapasa kimoja kimoja, kitako kwanza. Chenye kitako kilichovunjika ukingo alikitupa kwenye ndoo kikayeyushwe upya.

"Binti wa Palmer," Alvin alisema bila kugeuka, kwa jina la baba yake Verna. "Umekuja na pingu au umekuja kunywa kahawa?"

"Nimekuja na swali, mzee. Pingu ziko kwa Gil Prather."

"Gil. Mtoto yule alikuwa analia akiona kuku anachinjwa. Kaa."

Aliwasomea haki zao, kama kazi ilivyotaka, na Alvin alimsikiliza kwa heshima huku akiendelea kushusha mkono wa mashine. Kisha akampa kile kichwa, juu ya kitambaa safi. Mzee alivaa miwani ya kukuza, akakigeuza.

"Huyu ni mwanangu," alisema. "Chunusi hii naijua gizani." Akakigeuza tena, na uso wake ukafanya kitu ambacho Verna hakukitarajia kwa mshukiwa. Ulihuzunika. "Nani amemfanyia hivi?"

"Hivi vipi?"

Badala ya kujibu alichukua kipimio chake, akakibana kichwa penye kitako, akamwonyesha. Mia tatu na nane, kwa hesabu ya elfu za inchi. Kisha akachukua kimoja kutoka kwenye rundo lake, akakibana. Mia tatu na kumi. Kutoka kwenye kisanduku cha kiberiti kilichoandikwa tarehe akatoa kipande cha risasi laini, alichokuwa amekisukuma kwa fimbo ndani ya bunduki yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Kilipima mia tatu na tisa. Bunduki yake ilikuwa ya baba yake, alisema, na mtutu ulikuwa umechakaa kama mwenyewe, kwa hiyo kichwa lazima kiwe kinene kuliko tundu kwa unywele mmoja, kiujaze. Kikiwa chembamba moto wa baruti unapita ubavuni, unakilamba, unaiyeyusha risasi na kuipaka ndani ya mtutu kama masizi.

"Tazama hapa ubavuni," alisema. "Umelambwa. Na michirizi ya mtutu imemgusa upande mmoja tu. Huyu hakuruka, alipepesuka."

"Angeweza kumpiga mtu kutoka mlimani? Mita mia mbili?"

"Asingepiga ghala kutoka mita mia mbili, hata ghala likisimama. Na kama nguvu ya baruti ilimpungukia kama ninavyoona, aliyepiga alikuwa karibu. Karibu sana."

Verna aliandika. Aliuliza juu ya pete za kupimia. Zilikuwa mbili tu kwenye banda, alizipiga picha zote: ya mia tatu na kumi iliyokuwa kwenye mashine, na ya mia tatu na kumi na moja, iliyofungwa kwenye kitambaa cha mafuta. Ya pili ilikuwa ya Otto, ndugu yake, aliyefariki miaka sita iliyopita. Otto ndiye mtu pekee ambaye Alvin alimpitishia risasi maishani. Wengine wakiomba, kama ni watu wa kupewa, aliwapa vibichi, wakavipitishe wenyewe.

"Kwa nini?"

"Baba yako hakukufundisha? Kila mtutu na pete yake. Kumpitishia mtu risasi ni lazima uujue mtutu wake, umeusukuma, umeupima. Hilo unamfanyia ndugu. Mwingine unampa kibichi na kheri."

"Na tangu Otto afariki umempa nani vibichi?"

"Hakuna."

Vidole vya Leota vilisimama kwenye sinia. Vilisimama kwa muda wa pumzi moja, kisha vikaendelea. Alvin hakuona, alikuwa amegeukia mashine. Verna aliona.

Akamwomba mzee aende nyumbani akamletee ile bunduki, aipitishe kitambaa mtutuni. Alvin alimwambia ingetoka safi, na Prather angesema ameisafisha. Verna akakiri kwamba Prather angesema hivyohivyo, lakini sheria inataka kitambaa. Mzee akavaa koti, akatoka akiburuta viatu kwenye theluji. Mlango ulipofungwa, Verna alivuta kigoda karibu na jiko.

"Mama Leota. Ulimpa nani?"

Mama yule hakujifanya. Aliuliza kwanza kama anaweza kukishika kile kichwa. Verna akampa, akishikilia kitambaa kwa chini. Leota alipitisha kidole gumba puani, akaipata chunusi, akatabasamu kidogo. Akateremka mpaka kwenye kitako. Tabasamu likaondoka.

"Nilimchagua mwenyewe huyu," alisema. "Vitako vyote vilikuwa vizuri. Nilichagua vizuri tupu."

Ilikuwa wiki tatu zilizopita, kwenye chakula cha mavuno kanisani. Leota alikuwa amebeba pai ya tufaha, na chini ya pai, ndani ya kikapu, kopo la kahawa limejaa vichwa vibichi. Alvin alipokwenda kuzungumza na mchungaji, Leota aliufuata mlio wa kikohozi cha Harlan Rusk, maana kikohozi kile kilikuwa hakifanani na kingine, akamwekea kopo mapajani. Akamwambia asimwambie Alvin mpaka avipige kwanza.

"Nilifikiri mwanamume akishapiga vizuri kwa kitu cha mkono wa mwenzake, hawezi kuendelea kumchukia. Miaka arobaini walikuwa wakiwinda pamoja, mwanangu. Maji ya mfereji yakaja yakawafanya wajinga."

"Kwa nini hukuwaambia askari?"

"Walikuja vijana wawili. Walimwuliza Alvin, 'Mke wako alikuwa wapi?' Na mimi nimekaa hapa hapa." Alisema bila uchungu, na hiyo ndiyo iliyomfanya Verna aone aibu kwa niaba ya ofisi nzima. "Baadaye nikafikiri nikisema, watasema namtetea mume wangu. Na Alvin atajua nilikwenda nyuma yake kumbembeleza Harlan. Sikujua lipi baya zaidi."

Bunduki ilipokuja, kitambaa kilitoka na mafuta tu. Verna aliandika hivyo, kama ilivyokuwa, na hakuwaambia alikokuwa anakwenda. Ilikuwa saa tano na robo.

*

Dorene Rusk, mke wa Harlan, alikuwa nyumbani akijiandaa kurudi hospitali na chupa ya supu. Ni mwanamke mnene, mchangamfu, na siku tatu za kulala kwenye kiti cha hospitali zilikuwa zimempunguzia uchangamfu nusu. Verna alimwambia angependa kuangalia gari la Harlan, akampa fomu ya ridhaa aisome. Dorene alitia saini bila kuisoma, Verna akamrudishia, akamwomba aisome. Akaisoma. Akatia saini tena pembeni.

Kwenye kaunta ya jiko kulikuwa na mshumaa mpana kwenye glasi, wa njano. Ulikuwa umechimbwa katikati kwa kisu, shimo la kuingia ngumi.

"Mshumaa wako umeliwa na panya?" Verna aliuliza.

Dorene alicheka, na kicheko kikamfanya afute jicho. Harlan ndiye aliyeuchimba, wiki iliyopita, akakataa kusema wa nini. Alijifungia gereji jioni mbili. Nyumba nzima ilinukia mdalasini, naye akawa anatabasamu peke yake kama mtu anayeficha zawadi. Dorene alidhani anamtengenezea kitu cha Krismasi.

Kule gereji, juu ya meza, kulikuwa na pete moja ya chuma na nyundo ya mbao, aina ile rahisi ya kupitisha risasi kwa kugonga. Pete ilikuwa kuukuu, ya kuokotwa kwenye mnada wa vitu vya marehemu. Ubavuni ilichongwa tarakimu: 308. Verna aliipiga picha na kusimama hapo kidogo. Hilo lilikuwa kosa la mtu aliyesoma kitabu. Kitabu kinasema bunduki ya aina ya Harlan ni mia tatu na nane, na kwa vichwa vya dukani ni kweli. Mtu aliyepiga vya dukani maisha yake yote angewezaje kujua kwamba risasi ya nyumbani inapimiwa mtutu wake, si kitabu? Angelijua kwa kuuliza. Na mtu pekee wa kumwuliza alikuwa yule asiyesalimiana naye.

Gari lilikuwa uani, lilivyorudishwa kutoka mpakani Jumapili. Nyuma kulikuwa na sanduku la zana. Verna alitoa koleo, misumari, mizunguko miwili ya waya wa miiba. Chini kabisa, ndani ya gunia, ilikuwa bunduki.

Dorene aliweka mkono mdomoni. Mumewe alisema hakuwa na bunduki siku ile.

Verna alivaa glavu, akaifungua. Ndani kulikuwa na ganda moja lililokwishapigwa, halijatolewa. Kwenye kinga ya kifyatuzi palikuwa na mkwaruzo mpya, mwembamba, mrefu, kama wa ncha ya mwiba wa waya. Alifunga kitambaa kwenye fimbo, akasukuma mtutuni taratibu. Kitambaa kilipotokea upande wa pili kilikuwa kimebeba vipande vyembamba vya risasi, vinavyong'aa kama karatasi ya kufungia chokoleti.

"Verna," Dorene alisema. "Nani alimpiga mume wangu?"

"Twende tukamwulize," Verna alisema. "Mpelekee supu yake."

*

Harlan Rusk alikuwa mtu mrefu, na kitanda cha hospitali kilikuwa kifupi. Ukutani juu yake palibandikwa kadi kumi na tisa zilizochorwa paa, bata na bunduki zenye mdomo mkubwa. Zilitoka kwa watoto wa darasa lake. Kwa miaka ishirini na miwili Harlan alikuwa akiwafundisha watoto wa kaunti usalama wa bunduki, Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi wa zimamoto. Mtoto hapati kibali cha kuwinda bila saini yake. Katika miaka hiyo yote hakuna mwanafunzi wake hata mmoja aliyejeruhi au kujeruhiwa, na alilisema hilo kila mwaka, mara nyingine mara mbili.

Verna alimwomba Dorene awaache dakika kumi. Alimwambia Harlan haki zake, akaweka kinasa sauti juu ya meza ya dawa. Halafu hakuuliza lolote kuhusu Jumapili.

"Mpwa wangu Tessa alipita kwako mwaka juzi," alisema. "Mpaka leo anatuimbia. Hebu nisomee na mimi. Mwindaji anavukaje ua?"

Harlan aliangalia kinasa sauti. Aliangalia dirisha. Kisha akaanza, kwa sauti yake ya darasani, maana maneno hayo alikuwa ameyasema mara nyingi hata yalikuwa yanajisema yenyewe.

"Kwanza unatoa risasi zote. Pili unaiacha bunduki wazi, uone tundu kwa macho yako. Tatu unailaza chini, unaipitisha chini ya waya, mdomo unatazama mbali. Nne unakwenda kuvuka mahali pengine, unazunguka, unaichukua kwa nyuma. Na kamwe..."

Akasita. Verna alisubiri. Nje ya mlango gari la chakula lilipita likigonganisha vyombo.

"Kamwe nini, Harlan?"

"Kamwe usiivute kwako kwa mdomo wa mtutu."

Alipoanza tena, sauti ya darasani ilikuwa imekwisha, imebaki ya mzee tu. Alipanda mlimani peke yake kujaribu vile vichwa vya Leota. Alikuwa ameweka kopo juu ya kisiki, hatua hamsini. Alipiga mara kumi na moja. Kopo halikutikisika. Alishuka amekasirika, anajiambia kwamba Alvin amempa takataka makusudi kwa mkono wa mkewe, na kichwani alikuwa anapanga maneno atakayomwambia. Alipofika kwenye ua alipita kati ya waya, bunduki ikabaki upande wa pili. Akanyoosha mkono nyuma.

"Miaka ishirini na miwili, Verna. Na niliivuta kama mtoto anayevuta mkia wa paka."

"Halafu ukaificha bunduki kwenye gunia, ukasema ulipigwa."

"Nilisema nilisikia mlio. Mlio niliusikia kweli." Alifumba macho. "Sikumtaja Alvin."

"Hukumtaja. Ulinyamaza tu, na kimya chako kimeandikiwa hati. Saa nane inakwenda kwa hakimu. Alvin analala ndani leo, na Leota anakwenda nyumba ya wazee."

"Leota?" Alifumbua macho. "Hakuna aliyeniambia habari za Leota."

Verna alimwamini. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu hakuwa anaficha maradhi. Alikuwa anaficha kadi kumi na tisa zile za ukutani. Alimhurumia, na huruma haikumzuia kugeuza kinasa sauti kidogo kikamwelekea vizuri.

"Na zile risasi hazikuwa takataka," alimwambia. "Leota alizichagua kwa vidole, moja moja. Uliziminya ndogo mno, ukazipaka mshumaa. Alvin angekuambia kwa sentensi moja, kama mngekuwa mnasalimiana."

Harlan Rusk aligeuza uso ukutani. Akarudia kila kitu tangu mwanzo, taratibu, ili kinasa sauti kishike. Verna akaandika kwa mkono, akamsomea, Harlan akasahihisha neno moja. Pale Verna alipokuwa ameandika "kwa bahati mbaya" Harlan alitaka paandikwe "kwa uzembe." Akatia saini. Aliuliza kama magazeti yangeandika kabla ya Jumamosi. Verna akasema hajui. Basi Harlan akasema angependa kupelekwa ukumbini Jumamosi, hata kwa kiti cha magurudumu, awaambie watoto mwenyewe kabla hawajasikia dukani.

Ilikuwa saa saba na dakika thelathini na tano. Verna alimpigia Prather papo hapo, mbele ya kitanda. Upande wa pili ulisikika mlio wa karatasi ikipasuliwa, na Prather akasema kwamba saa yake sasa anaweza kuivaa. Alisema pia kuna shtaka la kutoa taarifa ya uongo, na kwamba atalifikiria akishakula.

Halafu Verna akapiga simu bandani kwa Teske. Aliweka simu wazi, Harlan asikie, kwa sababu aliona ana haki ya kusikia lolote ambalo Alvin angesema, hata likiwa baya.

Alimweleza mzee yote. Kopo chini ya pai. Mshumaa. Ua. Alipofika kwenye pete alisikia mkono wa mashine ukisimama.

"Mia tatu na nane?" Alvin aliuliza.

"Mia tatu na nane, mzee."

"Na mdalasini."

"Na mdalasini."

Nyuma ya simu Leota alisema kitu, kwa sauti ya chini, na Alvin akamjibu, "Ndiyo, nimesikia, ulifanya nyuma yangu, tutaongea." Halikuwa jibu la hasira. Harlan, kitandani, alikuwa ameshika ukingo wa shuka kwa mikono miwili, anasubiri kutukanwa.

"Binti wa Palmer," Alvin alisema mwishowe. "Mtutu wake unapima ngapi?"

Verna alimgeukia Harlan kumwuliza. Harlan alikuwa amejifunika uso kwa shuka, mabega yanatikisika, na hakuweza kujibu.

"Hajawahi kuupima, mzee," Verna alisema.

"Basi mkishamaliza nao huko ofisini, niletee. Nitaupima mimi."